Tiki Nyekundu kwa Milango ya Gatwekera

Kuna watu Gatwekera, mtaa wetu wa mabanda, ambao mpaka leo hawajui jina nililopewa na wazazi wangu, wananijua tu kama Ticha Tiki, na wakiniita hivyo njiani mimi hucheka nao huku natamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa kaeni niwaambie, lakini msinicheke kabla sijamaliza, manake hata mimi mwenyewe nikifika pale pa nywele huwa nashindwa kuendelea.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2008, shule zimefunguliwa kwa kuchelewa baada ya ile fujo ya kura, na darasa langu la sita lilikuwa na madawati matupu ambayo sikutaka hata kuyaangalia. Lakini Mwende, mmoja wa wanafunzi wangu, alikuwa amerudi. Mamake alikuwa fundi wa nguo, jirani yangu, mtu wa Kitui (mimi ni wa Machakos, lakini ukishafika mjini hiyo ni nyumba moja), na nyumba yake ya mabati alikuwa ameijenga mwenyewe, cherehani mbele, kitanda nyuma. Fujo ilipoanza walikimbilia kwa dadake Kawangware, na sasa walikuwa na wiki moja tu tangu warejee. Aliniambia wazi, "Ticha, hii ni mara ya mwisho najaribu. Nikishtuka tena, naenda na sirudi." Nilimpenda sana huyo mama, ndiye alikuwa akiniwekea chai nikitoka kazini, na sikutaka hata kufikiria mtaa bila ile sauti ya cherehani yake.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kabla ya likizo ya Disemba nilikuwa nimeenda semina ya mabadiliko ya hali ya hewa (tulikunywa soda, tukapewa fulana), nikarudi darasani nimewaka, nikawaambia watoto dunia inapata joto, na kwamba hata mtu anayeishi chini ya mabati anaweza kufanya kitu. Wakanisadiki! Waliokota mbegu za avocado kwa wauzaji wa barabarani, wakazipanda kwa mikebe kuukuu ya gorogoro nyuma ya darasa. Baada ya yote yaliyochomwa mtaani nilijua nitakuta zimekufa. Kumbe maji ya mvua yalikuwa yakitiririka kutoka kwa mabati yakizinywesha bila mtu, na tulipozunguka kule nyuma tukakuta majani. Watoto walipiga makelele, na mimi nililia kidogo, siwafichi.

Tukaamua kugawa miche mlango kwa mlango, na mkebe wa aliyekubali upakwe tiki, alama ya vema kama ile ya kwa daftari, ndio tujue nani wa kufuatilia. Rangi tuliyokuwa nayo ni nyekundu, iliyobaki baada ya kupaka geti la shule. Hapo ningeandamana nao, sivyo? Lakini Ijumaa hiyo nilikuwa nimepanga kusukwa nywele mtaa wa Makina kwa Mama Zuhura, ambaye ukikosa siku yako unangoja mpaka usahau, kwa hivyo niliwapa watoto mkebe wa rangi na brashi, nikawaambia waende wakiwa na adabu, nikaenda zangu kurembeka.

Nusu ya kichwa ilikuwa imeisha wakati msichana mmoja aliingia akihema. "Gatwekera kuna noma! Milango imepakwa alama nyekundu, zingine zimepakwa, zingine zimerukwa!"

Siku zile hakuna mtu aliyeuliza ni alama gani, manake wakati wa fujo nyumba ikiwekwa alama ilikuwa ni ya kuchomwa. Niliruka kutoka kwa kiti.

"Wewe, nusu kichwa!" Mama Zuhura akasema.

"Kichwa kitangoja!"

Nilikimbia mpaka kwangu, na kwa mlango wangu nikakuta mstari mwekundu bado unachuruzika. Mimi, mtu wa semina, mtu niliyetoa rangi kwa mkono wangu mwenyewe, nilipiga nduru ya kuita mtaa wote. Wale waliokuwa bado wanasitasita, nduru yangu ndiyo iliwamaliza, wakaanza kutoa sufuria na watoto nje, na mimi nikabeba godoro kichwani bila kujua naenda wapi. Mama Mwende hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anafunga cherehani yake kwa mkokoteni.

Ndipo darasa la sita likatokea kwenye kona, mikono myekundu, nyuso zinang'aa. "Ticha! Umeona? Hata wewe tumekupatia!"

Watu wakaweka sufuria chini.

"Nani amepatia nani nini?" mzee wa kijiji akauliza.

"Si Ticha alisema mtu akikubali mti anapata tiki?" Brayo, monita wangu, akajibu. "Mikebe ilikuwa na kutu, rangi haishiki, so tukarudi baadaye, watu wakiwa hawako nje, tukapaka kwa mlango. Ni kama kwa kitabu, ukipata jibu."

Nikaangalia vizuri. Ilikuwa tiki kweli, na mkia mrefu kama ninazoweka mimi. Nami nimesimama hapo, godoro kichwani, upande mmoja umesukwa na ule mwingine nywele zimesimama wima. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, wengine mpaka wakakaa chini, na niwaambie ukweli, aibu niliyoisikia haina kipimo, lakini kicheko kama hicho hatukuwa tumekisikia hapo tangu Disemba.

Mama Mwende hakucheka. Aliendelea kukaza kamba. "Nimechoka, Ticha. Leo ni watoto. Kesho je?"

Nilitua godoro chini. Nikashika mkokoteni wake, machozi yananitoka.

"Mum," Mwende akasema, "hiyo yetu ni mimi niliweka. Nimekuwekea kubwa, manake hukukataa mti."

Mama Mwende aliusogelea ule mlango akaitazama ile tiki. Kisha akafungua kamba. "Nishikieni hii mashine tuishushe."

Jioni yote nilifuta milango kwa mafuta ya taa na tambara, na nusu kichwa changu, watu wakinitania kila mlango. Nilipofika kwa Mama Mwende alinishika mkono. "Wangu uache. Mtoto amesema nimepata."

Walihama baadaye sana, Mwende akiwa amemaliza shule, kwa amani, wakarudi Kawangware na mbao na mabati ya nyumba yao, mlango wao, na ule mche bado kwenye mkebe. Niliwatembelea juzi juzi. Avocado imepita paa, na ule mlango sasa ni wa nyumba ya kuku, tiki imefifia lakini iko. Niliapa tangu siku ile sitawaacha watoto waokoe dunia peke yao nikiwa saluni, na sijawahi kurudia. Mama Mwende alinijazia mfuko wa avocado, akanizunguka nyuma kunikagua kichwa. "Siku hizi unamaliza zote?"

"Zote, Mama Mwende."

"Basi umepata," akasema, akaenda kutuwekea chai.