Duara la Bluu Kwenye Jicho la Ndege

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani tangu hajaolewa. Juzi alirudishiwa suruali ya bluu iliyokolea, kaishona kwa uzi mweusi. Mwenye suruali hakugomba, alicheka tu, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma. Kaka naye akapata pa kushika: macho yamechoka, cherehani apewe binamu, mama watoto apumzike. Mwanamke yule ukimnyang'anya cherehani umemkata mikono.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta bustanini, nguo mbichi begani, shingo juu, kanipungia mkono ninyamaze. Kwenye mpera kulikuwa na ndege. Wanaonimalizia mchicha kwangu nawajua wote, lakini huyu alikuwa mgeni: kadogo, kichwa cheusi, mkia wa rangi ya kutu uliomzidi urefu mwenyewe, kama utepe uliosahauliwa kukatwa. Nikabaki najiuliza anapitaje kwenye majani bila kunasa.

"Ana duara la bluu kwenye jicho," wifi akanong'ona.

Kaka alikuwa mlangoni na kikombe chake. Akadakia, "Suruali nzima ya bluu hukuiona, leo umeona bluu kwenye jicho la ndege?"

Mimi jibu nilikuwa nalo, nikalimeza, maana hilo duara hata mimi nilikuwa silioni. Nikamwambia kaka tusogee. Tukanyata, yeye na tumbo lake nyuma yangu, hadi chini ya tawi. Ndege akageuza kichwa kutukagua. Duara lilikuwepo, jembamba, bluu ya kung'aa, kama limedariziwa.

Kaka alitazama mpaka chai ikapoa. "Sasa ile suruali?"

"Njooni niwaonyeshe," wifi akasema. Akatupeleka koridoni, kwenye giza, cherehani ilikohamishiwa siku kochi la kaka lilipoingia sebuleni. Akatushikisha rili mbili za uzi, tuseme ipi nyeusi. Mimi nikabahatisha. Kaka akabahatisha kinyume changu. Aliyekosa alikuwa yeye.

Jioni haijaingia, cherehani ilikuwa dirishani na kochi koridoni, ambako kila nikienda nagonga ugoko. Jina la ndege hatujalipata. Kila tunayemuuliza anatubunia la kwake. Wifi anashona vizuri, ila mpera ukitikisika tu, pindo linakwenda upande.