Mabuibui Sita ya Bibi

Harufu ya pasi juu ya kitambaa cheusi, kwa fundi wangu hapa mtaa wa Khuwair, hunirudisha kwenye chumba cha bibi yangu kule Matrah, tulipokuwa wageni katika nchi ya Waarabu, tuliokimbia mapinduzi ya Unguja.

Bibi alikuja na sanduku moja, na ndani yake mabuibui sita aliyoyashona kwa mkono. Wanawake walipopewa haki ya kupiga kura kule Unguja, majirani zake sita hawakuwa na vazi la kutokea mchana. Akawashonea, akapanga nao foleni kwenye kituo cha kura, nao wakamrudishia yakiwa yamefuliwa. Kila Ijumaa aliyatundika ukutani na kuyafukiza udi.

Siku moja mama alishika mkasi ayakate. "Bi Mkubwa, nna watoto hawana nguo. Na wenye mabuibui haya tumewaacha huko, hata hatujui nani yu hai."

Bibi alinitazama mimi. "Atakayevaa ni huyu. Mwache achague."

Nikaliendea la mwisho, nikaingiza kichwa ndani. Nilitarajia udi, nikanusa jasho, poda na tui la nazi. Kitambaa kilikuwa na joto. Mbele yangu mtu alipumua, na nyuma mwingine akanigusa bega, taratibu, kama anayeomba nisogee.

Nikatoka. Mama akauliza nimeona nini.

"Wamo," nikasema. "Wamepanga foleni."

Bibi aliutwaa mkasi mkononi mwa mama. Akapita ukutani akinyoosha pindo moja moja, akiwaambia kwa sauti ya chini, "Msichoke, wanangu. Hata hapa watafungua kituo."