Kitanda Kitupu Kwenye Skrini

Miaka ile simu nyingi Kariakoo zilikuwa za kupiga na kutuma meseji tu. Dada mwenye duka la vitenge pale Mchafukoge alitumia kompyuta niliyomwandalia mimi. Asubuhi moja akanipigia.

"Fundi, njoo mbio. Mama anaingia kupasuliwa, na mashine haifungui kitu."

Mama yake alikuwa India na kaka yake. Mama huyo alikuwa kiziwi, kwa hiyo simu haikuwafaa. Walizungumza kwa mikono, mbele ya kamera.

Skrini ilionyesha mtandao umeunganishwa. Waya ulikuwa mzima. Hata hivyo kila tovuti tuliyoandika ilikataa kufunguka. Nikauliza nani ameigusa mashine. Muuza viatu wa jirani akachungulia mlangoni. Modemu ya akiba, kidude cha kuchomeka chenye laini ya simu, ilikuwa moja kwa maduka yao mawili. Intaneti ya waya ikisumbua, waliazimana.

"Jana modemu niliichomoa mimi. Kwani ni jino hilo, fundi, mpaka aje daktari kuling'oa?"

"Ulikata mtandao kwanza?"

"Nilichomoa tu."

Hapo nikaelewa. Kompyuta ina faili dogo lenye anwani za seva, yaani kompyuta za mtandaoni inazoziuliza kila tovuti iko wapi. Modemu ikiunganishwa, skripti, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata yenyewe, huweka kando faili la waya na kuandika la modemu. Ukikata kwa utaratibu, hurudisha lile la kwanza. Modemu ikichomolewa ghafla, skripti hufa bila kurudisha kitu. Waya ulikuwa umerudi, ila mashine iliendelea kuuliza seva za kampuni ya modemu, ambazo hazimjibu mtu wa nje ya mtandao wao.

Dada yule alisimama nyuma yangu. Nilifungua faili, nikaandika anwani sahihi kwa mkono. Dada akapiga India kwa kamera, picha ikaja: kitanda kitupu, na kaka yake pembeni.

"Wameshampeleka, sasa hivi tu," kaka akasema.

Mikono ya dada ilikuwa tayari hewani, imeshaanza kusema. Aliishusha polepole juu ya meza.

Mama alitoka salama, tukashukuru. Skripti niliirekebisha ikague faili kila mashine inapowaka, nikapita duka kwa duka kurekebisha mashine nyingine zote nilizoziandaa. Lakini tangu siku ile, nikimwambia dada mtandao upo, haniamini.

"Upo, au umeandikwa upo?"

Nafungua kwanza tovuti moja, aione kwa macho yake.