Mke wa Soli Ajifunza Kukimbia

Kiwandani walimwita Kola, kwa sababu tangu aajiriwe hakuwahi kushona kitu kingine zaidi ya kola za mashati ya sare. Mumewe alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Soli. Majirani hawakuacha kuwatania kwamba nyumba ile ina juu na ina chini, kinachokosekana ni katikati tu.

Kola alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Akitoka nyumbani ilimbidi arudi kulishika kufuli tena, ingawa alikuwa amelifunga mwenyewe. Simu ikilia alfajiri, mikono ilimfa ganzi kabla hajapokea. Kwa hiyo daktari alipomwambia mumewe kwamba presha ya macho yake imeshakula mishipa ya kuonea, na kwamba kilichopotea hakirudi, Soli ndiye aliyempigapiga mkewe mgongoni pale kwenye benchi la hospitali.

Giza lilipomfunika kabisa, Soli hakuacha kazi. Alirudi kwenye kibanda chake akashona kwa kupapasa, na wateja wakasema mshono umekuwa wa karibu zaidi kuliko zamani. Kilichomkosesha raha ni kitu kingine. Alitaka kukimbia.

Ni habari ya miaka mingi. Mji ule uliwahi kuwa na mkimbiaji wa mbio ndefu aliyeitwa Bingwa Kimya, kwa kuwa alikimbia bila kuhema kwa sauti, na akishinda hakuwa na la kusema. Baada ya kuacha mashindano, kila asubuhi alikimbia mitaani, na aliyetaka kufuatana naye alifuatana naye. Ukichoka, yeye ndiye aliyepunguza mwendo. Soli, wakati huo akijifunza ufundi, alijiunga naye siku moja akiwa amevaa viatu vya mteja. Walipofika mwisho wa barabara, Bingwa Kimya alimtazama akasema, "Wewe una pumzi. Usiiache ilale." Basi. Hakumsemesha tena siku ile, lakini maneno hayo Soli aliishi nayo kama wengine wanavyoishi na vyeti vyao. Alikimbia ujana wake wote, akakimbia alipooa, akakimbia hata siku aliyomzika baba yake. Bingwa mwenyewe alikwisha kufa, na kila mwaka mji ulifanya mbio za kumkumbuka. Soli hakuwahi kuzikosa.

"Mwaka huu pia nakwenda," alimwambia mkewe mezani.

"Unakwenda na nani?"

"Nilijaribu na yule jirani wa gereji. Muda wote anaongea na simu. Nimegonga nguzo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuomba wewe."

Kola alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Soli alisuka kamba fupi ya ngozi laini, kila ncha ikiwa na kitanzi cha kuvaa mkononi. Wakaanza alfajiri, yeye kwa viatu vyake vya mbio, mkewe kwa raba za binti yao aliyeolewa mji mwingine. Mwanzoni ilikuwa ni vituko vitupu.

"Shimo!"

"Wapi?"

"Kushoto. Hapana, kulia! Kulia kwako!"

"Mke wangu, si tunaelekea upande mmoja? Kulia kwangu na kwako ni kule kule."

Lakini Kola hakuona la kuchekesha. Barabara aliyoipita maisha yake yote ilikuwa imegeuka adui. Mifereji iliyokosa vifuniko, vyuma vilivyochomoza, mbwa, pikipiki. Alikuwa anaona kwa niaba ya watu wawili, na macho yake hayakutosha. Akifika kiwandani, shingo imekaza, anashona kola huku akiona mashimo.

Siku aliyoiogopa haikuchelewa. Pikipiki ilichomoka uchochoroni. Kola alifungua mdomo, sauti ikagoma kutoka. Soli akaendelea na hatua yake, mguu ukagonga ukingo wa barabara, akaenda chini mzima mzima. Pikipiki iliwakosa. Ila uso wa Soli ulichubuka, na kifundo cha mkono anaoshikia sindano kikavimba.

Wifi yake Kola, dada mkubwa wa Soli, alifika kabla hata dawa haijakauka.

"Kaka yangu haoni, na wewe huoni?"

"Niliona, wifi. Nilishindwa kusema."

"Ulishindwa kusema! Watu wazima mnashindana na magari barabarani. Siku utakayomleta hapa amebebwa utasema nini?"

Soli alijaribu kumtetea, dada yake akamwambia anyamaze ashike barafu.

Kola aliitia kamba ndani ya droo ya kabati akasema imetosha. Mumewe hakubishana. Na hapo ndipo hofu ya Kola ilipobadilika sura, maana Soli alikuwa mbishi, mtu wa kubishania hata chumvi. Mkono ulipopona, hakurudi kibandani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, redio imezimwa. Ukimuuliza umekula, anasema ndiyo. Ukimuuliza umekula nini, hajui. Kazini Kola alikuwa akisimamisha cherehani katikati ya mshono, anajiuliza mwenzake anafanya nini saa hizi, na je, mlango wa nyuma ameufunga.

Mchana mmoja aliomba ruhusa akarudi mapema. Kabla hajaingiza ufunguo alisikia vishindo. Dum, dum, dum, kisha kishindo kikubwa. Alifungua akausukuma mlango, roho iko mkononi. Soli alikuwa kwenye ujia wa nyumba, kiganja kimoja kinaburuza ukutani, miguu mitupu, jasho linamtiririka, anakimbia kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa chumbani na kurudi. Ule ujia ni mfupi kiasi kwamba hata kabla hajachanganya miguu alishafika. Bega lake lilikuwa jekundu kwa kugonga mlango.

"Unajiumiza!"

"Nachelewa kusimama tu. Nitazoea."

Kola alikaa sakafuni. Mumewe naye akakaa, akimpapasa amjue yuko wapi.

"Naogopa," Kola alisema. "Kila nikiona gari, moyo unanishuka tumboni."

"Najua. Naisikia kwenye kamba, inatetemeka."

"Sasa mtu anayetetemeka unamtakia nini?"

"Unaangalia njia. Tangu tuanze umenionyesha mpaka maganda ya ndizi. Ukisema basi, ni basi. Nitazunguka humu ndani."

Kola aliutazama ule ujia na alama ya jasho ukutani. Kesho yake alfajiri, kamba ilikuwa mikononi. Tofauti ni kwamba sasa alijilazimisha kuongea bila kukoma, ili sauti isipate nafasi ya kugoma. Alisema jiwe, maji, ngazi, mama mwenye ndoo, paka, hapana hakuna paka. Soli alimwambia anafanana na mtangazaji wa mpira.

Siku ya mbio za kumkumbuka Bingwa Kimya, Kola hakuweza kumeza hata chai. Uwanja ulijaa. Kipenga kilipolia umati uliwabeba, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Kisha, kwenye kona iliyobana, wakimbiaji wenye haraka walipenya katikati yao. Kamba ilivutika, kitanzi cha Kola kikakatika. Alisukumwa mbele, akageuka, asimwone mumewe.

"Soli!" alipiga kelele. "Soli!"

Mkimbiaji mmoja aliinama kuangalia chini ya kiatu chake.

Kola alirudi nyuma dhidi ya watu, anapigwa viwiko, anaomba radhi, analia bila kujijua. Mawazoni alikwisha kumwona mumewe chini, amekanyagwa. Alikwisha kumsikia wifi. Kisha umati ukaachana kidogo, na huyo hapo: amesimama wima katikati ya barabara, viganja mbele kidogo, kipande cha kamba kinaning'inia, watu wanampita pande zote mbili.

Alimkamata kwa nguvu.

"Kola? Au ni mtu mwingine ananibana?"

"Ni mimi."

"Umechelewa. Nusu ya mji imeshatupita."

Alisema kwa mzaha, lakini Kola alipoushika mkono wake aliukuta wa baridi, unatetemeka vibaya kuliko wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mkono ule ukitetemeka.

"Niliogopa sana," Soli alinong'ona. "Usimwambie dada."

Wakaendelea bila kamba, wameshikana viganja vinavyoteleza kwa jasho, Kola akitaja kila kitu, na pale sauti ilipomkauka akambinya kidole. Walipofika, watu wa uwanja walikuwa wameanza kukunja turubai. Hakukuwa na makofi mengi. Kola alikwenda pembeni akatapika maji.

Wifi alikuwepo, na taulo. Hakuna aliyemwalika. Alimpangusa kaka yake uso kwa hasira kana kwamba ni mtoto, akamkagua magoti, akamkagua viwiko. Hakupata jeraha la kugombania. Akamgeukia Kola, akamtazama miguu.

"Hizo raba zinakubana, wifi. Vidole vimevimba. Huyu si fundi viatu? Kwa nini hajakutengenezea zako?"

Soli akaanza kujitetea kwamba hajaombwa. Wakawa wanabishana hivyo mpaka getini, yeye na dada yake, huku Kola akiwa katikati, mkono wa mumewe mkononi, macho chini, akitafuta mashimo.