Uso Ukutani kwa Msusi

Mpwa wangu Brashi nilimfundisha kuchora mimi. Wapo wabishi wanaosema nilichoweza ni kumshikia ngazi tu. Basi, ngazi nayo ni elimu, na darasani niliondoka mapema ili nisiwaaibishe walimu.

Mtaa mzima ulisomeka kwa mkono wake: kinyozi, fundi viatu, duka la dawa. Lakini kazi iliyomtoa jasho ilikuwa ukutani kwa msusi: mwanamke mwenye nywele za kusukwa, ametazama pembeni kama aliyeitwa. Wateja waliona tangazo. Sisi wa nyumbani tulimwona marehemu mkewe, na picha nyingine hatukuwa nayo. Zote zilipotea na simu.

Maradhi yalipoufunga mji, biashara zilikufa moja moja, na nani aandikishe jina kwenye mlango wenye kufuli? Kazi iliyobaki ikawa kufuta. Wenye nyumba walimwita apake chokaa juu ya majina aliyoyaandika mwenyewe. Alikubali, watoto wawili hawashibi sifa. Nilimtania kuwa anavuna alichopanda, akacheka kwa kunistahi tu.

Zamu ya ukuta wa msusi ilipofika, alifanya kosa ambalo hata mimi nisingelifanya. Rangi ya mafuta hukwanguliwa kwanza, ndipo chokaa hushika. Yeye alipaka juu juu. Siku ya tatu chokaa ikabanduka, yakatokea macho, kisha shavu. Mwenye nyumba akaja. Hakufoka. Alisema mpangaji mpya hautaki uso ule, na kama Brashi hawezi, yupo anayeweza.

Nikamvuta Brashi pembeni.

“Ulisahau kukwangua, wewe?”

“Sikusahau, mjomba.”

Nikapiga domo kama kawaida yangu: kuta zimejaa duniani, atamchora tena, ngazi nitashika mimi.

“Huyu nilimchora amekaa mbele yangu,” akasema. “Siku hizi nikifumba macho, ninayemwona ni huyu wa ukutani.”

Akaanza kukwangua nywele, msuko mmoja mmoja. Alipofika kwenye paji la uso mkono ukagoma. Akaninyooshea kikwanguo bila kunitazama, akaenda kukaa juu ya ndoo, akaupa ukuta mgongo.

Mimi mjuzi wa yote nikakwangua. Jicho la kushoto lilikuwa gumu. Alikuwa amelirudia rangi mara nyingi.

Baadaye akauliza kama nimemaliza. Nilikuwa nimemaliza, lakini nikamwambia bado.