Jicho la Optatus

Siku waliyomnyoa mama yake, Dominika alikuwa bado yumo matangani. Mwanawe wa kwanza, Nikolao, alikuwa amekufa kwa uvimbe uliomtoka jichoni, na mkwewe, Bi Veridiana, akaapa mbele ya kijiji kizima cha Kitangari kwamba mchawi ni mama mzazi wa Dominika. Optatus, mume wa Dominika, ndiye aliyemleta mganga. Yule mama akakalishwa juani, akanyolewa kichwa chote kwa wembe mkavu, eti uchawi umtoke, huku watu wakimzomea. Akapanda lori la korosho, akarudi kwao Lupaso.

Mwaka 1995 alizaliwa Mabel, mtoto wao wa pili. Alipofikisha miezi minane, jua lilimpiga usoni na Dominika akaiona mboni ya kushoto iking'aa nyeupe, vilevile kama ya Nikolao. Siku hizo biashara ilikuwa imeachwa huria, kila mwenye chumba kando ya barabara alikuwa muuza dawa. Kwa Nikolao, Dominika alipoteza miezi minne kwenye matone yao ya macho. Safari hii hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali ya misheni. Optatus akamfuata akinung'unika kwamba wangeanzia kwa mganga.

Daktari Faidha alimulika jicho la Mabel, kisha akainua uso akamtazama Optatus, ambaye kope yake moja ilikuwa imezama ndani.

"Baba Mabel, jicho lako lilipotea vipi?"

"Lilichomwa na bua la mtama nikiwa na miaka miwili. Mama ndivyo alivyoniambia."

"Kamuulize tena," alisema daktari. "Mwilini mna protini ambayo kazi yake ni kuzuia chembe hai zisizaliane ovyo. Maelekezo ya kuitengeneza tunayo nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ni kama gari lenye breki ya mguu na ya mkono; ikifa moja, nyingine inashika. Mtoto wenu nadhani alizaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima nayo ikaharibika baadaye, ndani ya jicho, kwenye chembe moja tu. Hiyo moja ikazaliana, haina wa kuizuia. Ndiyo saratani yenyewe."

"Sasa nani kamroga?" aliuliza Optatus.

"Hakuna aliyerogwa. Nakala mbovu huenda imetoka kwako, na jicho lako huenda lilikwenda na saratani hiihii."

Jicho la Mabel lilitolewa wiki ileile, akapona. Waliporudi Kitangari, Dominika aliingia uani kwa mkwewe bila hata kuamkia.

"Mama, jicho la Optatus lilitolewa hospitali?"

Bi Veridiana aliendelea kupepeta. Optatus naye akauliza. Ndipo ungo ukatulia.

"Wazungu wa misheni waliolitoa walisema ukizaa, watoto wapelekwe wakaguliwe mapema," alisema. "Ningetangaza, nani angekuoza binti yake?"

"Ulijua!" Dominika alipiga kelele hadi majirani wakatoka. "Nikolao anaoza jicho mbele yako, unajua! Mama yangu ananyolewa, unajua, na unashangilia! Na wewe Optatus, wembe ulikwenda kuununua mwenyewe!"

Alikusanya nguo zake jioni hiyohiyo, akahamia Lupaso na mwanawe.

Mwezi haukwisha, Optatus akafika. Dominika alimzuia uani, akawaita majirani, akamwambia aseme yote hapo, kwa sauti. Akayasema, akilia. Kisha akampigia magoti mama yake Dominika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu yule mama, akarudi jikoni kwake.

Optatus aliondoka peke yake. Kila baada ya miezi mitatu Dominika alimpeleka Mabel kukaguliwa jicho la pili, na lilibaki zima. Bi Veridiana alipofariki, walitumwa watu mara mbili kumwita Dominika mazikoni. Aliwakaribisha uji, wakanywa, wakarudi bila yeye.