Siku Nilipofuta Kwaya Nzima

Butiama siku hizi napitaga kwa adabu. Nikishuka pale kwa shughuli zangu natembea upande wa kivuli, nimejitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, na bado atatokea mama mmoja na beseni lake la mihogo aniambie, "Matroni, leo umekuja kutufuta na sisi?" halafu acheke mpaka mihogo itikisike, nami nacheka naye, maana ukikasirika ndiyo wanaongeza. Kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu huko nje mkasa umeshatiwa chumvi (kuna wanaosema nilizirai, sikuzirai, nilikaa chini kwa hiari yangu).

Mimi nauza vitenge barabara ya Mukendo, Musoma mjini, na pia ni matroni wa kwaya yetu ya kanisa, pale Nyakato. Matroni ndiye anayetunza sare, anayepatanisha waliogombana, na kwetu sisi ndiye anayetunza flashi. Sasa ile flashi ndiyo ilikuwa kwaya yenyewe. Sisi, kama kwaya nyingi za siku hizi, tunaimbaga kwa pleibeki: mnakwenda studio mara moja, mnarekodi, na kuanzia hapo wimbo unapigwa kwenye spika, nyie mnacheza kwa mpangilio na kufungua midomo, na mwenye maiki anaishika vizuri tu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mgeni. Mapigo ya miguu tulikuwa tunayafanyia mazoezi kila wiki. Kuimba kwenyewe, nisiwadanganye, tulikuwa tumeshakuachia spika.

Albamu yetu mpya ilitungwa yote na mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Magesa, mtu mpole anayeongea kama anaomba radhi. Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja alioutunga juu ya marehemu baba yake, jinsi alivyouza ng'ombe aliyempenda ili mtoto asome. Mama yake Mwalimu yuko Butiama, miguu imemkataa, Musoma haji tena, na wimbo huo alikuwa hajausikia. Ndiyo maana uzinduzi tukaupeleka kule kwenye kanisa la kwao, badala ya mjini. Mwalimu aliniambia, "Mama Bhoke, mimi hata tusipouza kitu, mama akisikia ule wimbo mmoja nimemaliza." Na yule bibi alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mzee wake anakuja kuimbwa.

Mtaniuliza kwa nini wimbo haukuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Jibu ni mimi. Nilisimama kwenye kikao nikapendekeza kwamba kabla ya uzinduzi asiruhusiwe mwanakwaya hata mmoja kuwa na nyimbo kwenye simu, kwa sababu wimbo ukiingia simu ya mtu mmoja Nyakato, jioni unasikika Bunda kwenye bodaboda. Wakanipigia makofi. Nikaweka flashi kwenye pochi yangu na pochi kifuani.

Kilaptopu changu nilikinunua Bunda kwa mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa anahama. Kidogo, cheusi, ukikifunga unaweza kudhani ni Biblia ya maandishi makubwa. Yule mwalimu nilimbembeleza bei mpaka akatoa na chaja, akatoa na begi, mwishoni akanipeleka stendi kwa pikipiki yake mwenyewe ili tu niondoke. Lengo langu lilikuwa zuri: kwenye uzinduzi watu wanakujaga na flashi zao na memori kadi ili warushiwe nyimbo, na kila mara tulikuwa tunamleta jamaa wa stesheneri, anakaa na kompyuta yake, anakula wali wetu na mgawo anachukua. Nikasema safari hii tunarusha wenyewe.

Shida ikawa moja. Kilaptopu kilikuwa kizito. Ukikiwasha unafungua duka, unatundika vitenge, unamsikiliza mteja wa kwanza matatizo yake ya ndoa, ukigeuka ndiyo kinakuambia karibu. Nikaenda kwenye simu kutafuta dawa, nikakuta video ya bwana mmoja mwenye sauti tulivu anasema kikompyuta cha namna hiyo hakijafa, ondoa huo mfumo uliomo, weka Linux ile nyepesi, na tena ni ya bure. Mimi neno bure likishaingia, maneno mengine yanasubiri nje. Bwana akaendelea kusema unahitaji flashi moja tupu ya kuwekea.

Nikavuka kwenda mtaa wa Iringo kwa muuza vifaa vya simu. Akataja bei, nikataja yangu, tukakaribiana, likabaki pengo dogo. Nikafanya ninavyofanyaga: nikaweka flashi juu ya kioo, nikaaga, nikaondoka taratibu, maana muuzaji akiona mgongo wako anakuita. Nikapunguza mwendo. Nikasimama nikajifanya naangalia kava za simu kwa jirani yake. Hakuniita. Na mtu mwenye jina kama langu pale mjini huwezi kurudi, ukirudi umeuza heshima yako ya miaka yote. Basi nikarudi dukani bila flashi, na nikiwa njiani nikakumbuka kwamba flashi ninayo, iko kifuani.

Msidhani sikufikiri. Nilifikiri sana, na hapo ndipo palipoharibika. Nilijua flashi itafutwa, kwa sababu yule bwana wa video alisema, kwa hiyo kabla ya yote nikanakili nyimbo zetu kwenye kilaptopu, kwenye ile sura ya mbele unayoiona ukiwasha. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena. Zote zipo. Ndipo nikaiachia flashi ifutwe na kuwekwa Linux kwa moyo mweupe, nikakiwasha kilaptopu kwa kutumia flashi hiyo, kikaanza kuniuliza maswali. Mojawapo lilisema, kwa maneno marefu, kama nataka mfumo mpya ukae pamoja na wa zamani au disiki yote ifutwe. Mimi nikifanya usafi nafanya nyumba nzima. Nikachagua yote. Kikaniuliza tena kama nina uhakika (kikompyuta kile kilinipa nafasi kuliko mahakama), nikabonyeza ndiyo.

Kichwani mwangu kubadilisha mfumo kulikuwa kama kubadilisha bati. Unatoa la zamani lenye kutu, unapiga jipya, na makochi yako ndani hayajaguswa. Hakuna aliyeniambia kwamba ukibonyeza pale unabomoa hadi msingi, na makochi yako humo humo.

Kilipomaliza, jamani, kilikuwa kinakimbia. Unabonyeza, kimewaka. Nikamwita jirani wa duka la viatu, nikakizima na kukiwasha mbele yake. Nikamwita na wa mbele yake. Jioni nzima nilikuwa nakizima na kukiwasha. Ile hesabu yangu ya mara mbili niliifanya kabla. Baada ya hapo sikuhesabu hata mara moja.

Siku ya uzinduzi tukafika Butiama na sare zetu za zambarau, kanisa limejaa, watu wengine wako madirishani, bibi yuko mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Fundi mitambo wetu, Masatu, ameshafunga spika na projekta, maana tulipanga na picha zionekane ukutani. Kwaya imejipanga mlangoni, mguu wa kulia mbele, wanasubiri mdundo. MC akapaza sauti, "Na sasa waingie kwa wimbo wa kwanza," nikachomeka kilaptopu kwa Masatu, kikawaka kwa ile kasi yake, ukuta mzima ukawa wa buluu safi.

Buluu tu. Nikafungua pa muziki, hamna. Nikafungua pa picha, hamna. Kila ninapofungua, watu wote wanaona ukutani ninachofungua, na mzee mmoja pale mbele akamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida tu, "Anatafuta."

"Matroni wetu anatuandalia jambo," akasema MC.

Kwaya mlangoni wakabadilisha mguu.

Nilikuwa najua kabisa flashi nayo ilifutwa, lakini mtu anayezama hachagui jani, nikaichomoa kifuani nikampa Masatu, labda itakuwa imebakiza chochote. Akahamishia waya wa projekta na kuichomeka kwenye laptopu yake, ambayo betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Sasa mwimbaji wetu mmoja wa besi, mtu mnene, akasogea aone kuna nini, akakanyaga waya wa ekstensheni, ukachomoka. Laptopu ya Masatu ikazima. Masatu akauchomeka haraka, akaiwasha, na kwa kuwa flashi yangu ilikuwa mle ndani, ikawaka kwa flashi. Ukutani ikatokea ile buluu yangu tena, na swali kubwa katikati.

Masatu akalisoma akitumia kidole. Halafu akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"Mama, hii inataka kufuta mashine yangu."

"Usibonyeze ndiyo," nikamwambia.

"Nisibonyeze? Mimi hata siigusi. Njoo uitoe mwenyewe." Akawa amekaa mbali nayo na mikono juu, na kanisa zima linamtazama.

Mwalimu Magesa akaja taratibu, akainama sikioni kwangu. "Mama Bhoke, nyimbo ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye kilaptopu."

"Na sasa?"

"Sasa kilaptopu kina kasi."

Alinitazama tu, na afadhali angenitukana. Nikampigia mtu wa studio, simu inaita mpaka inakatika. Nikapiga tena, inakatika (alikuwa anarekodi, na akirekodi simu anaiachaga nje ya mlango). Hapo ndipo nilipokaa chini. Sakafuni, na sare yangu, nyuma ya spika, na wale wa madirishani bado wananiona vizuri.

Bibi akaita kutoka kwenye kiti chake. "Magesa. Wimbo wa baba yako uko wapi?"

"Mama, umepotea kidogo. Kompyuta imeleta shida."

"Nani alitunga, kompyuta?"

"Nilitunga mimi, mama."

"Sasa wewe mdomo wako umeupeleka wapi?"

Watu wakacheka, na Mwalimu, maskini, akaita kwaya iingie hivyo hivyo. Akaanzisha wimbo wa baba. Akaanzisha juu mno, kwa sababu kinanda tulikiacha Musoma (nani abebe kinanda na pleibeki ipo), sauti ya kwanza wakamfuata mpaka wakaishiwa, wakanyamaza mmoja mmoja. Besi hawakukumbuka maneno lakini miguu waliikumbuka, kwa hiyo tukawa na kwaya inayokanyaga kwa nguvu bila mdundo, vumbi linapanda, zambarau inageuka kahawia. Akasimamisha. Akaanza tena chini zaidi. Safari hii alibaki peke yake na wanawake wawili watatu, sauti imekauka, anaimba ameangalia viatu vyake. Akafika pale pa ng'ombe: baba akamtoa zizini ng'ombe mweusi, akampeleka mnadani ili mimi nishike kalamu.

"Simama hapo," akasema bibi.

Mwalimu akasimama na mdomo wazi.

"Mweusi hakuuzwa. Mweusi alikufa kabla hujaanza shule. Aliyeuzwa ni yule mwekundu, mwenye pembe moja imeshuka."

"Mama, nilikuwa mdogo, nakumbuka mweusi."

"Ulikuwa mdogo, ndiyo nakwambia."

Nyie hamjui watu wa Mara kwenye habari ya ng'ombe. Mzee yule aliyesema natafuta akainuka akasema bibi anasema kweli, yule mwekundu alimswaga yeye mwenyewe mpaka mnadani. Mwingine akabisha, pembe iliyoshuka ilikuwa ya mtoto wake yule mwekundu. Wa dirishani akaingilia. Ikawa baraza, humo humo kanisani, MC anaomba utulivu na hakuna anayemsikia, na kwa muda mzuri sana hakuna mtu aliyenikumbuka mimi nyuma ya spika. Walipokubaliana, bibi akamgeukia mwanawe. "Haya. Imba mwekundu."

Akaimba mwekundu. Sauti bado mbovu, sitawadanganya, lakini aliinua uso, na bibi akawa anatikisa kichwa kila mstari kama mtu anayekagua mzigo na kukuta umetimia. Wimbo ulipoisha hakupiga makofi. Alivuta kitenge akajifuta macho, akawaambia majirani zake, "Huyo ndiye yeye sasa."

Kurusha nyimbo hatukurusha. Watu waliondoka na flashi zao tupu, ingawa wengi walizificha mfukoni walipopita karibu na mimi. Mtu wa studio alinipigia tunajiandaa kurudi: nyimbo zote anazo, niende tu nichukue. Nikamkimbilia Mwalimu na habari njema, naye akamwambia mama yake, na mama yake akauliza swali moja. Humo ndani ni ng'ombe yupi? Mwalimu akasema mweusi. Bibi akasema basi huo wa kwenye mashine usiuzwe, hautakwenda kumsema mume wake kwa watu asiowajua kwamba aliuza ng'ombe aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo wimbo ulitakiwa kurekodiwa upya, na hakuna aliyeuliza nani atakwenda kulipia. Wote walinitazama tu.

Nilichojifunza ni kwamba kitu cha watu usikifanyie majaribio ya vitu vyako, na ukishakihamisha, kihesabu kule kilikofika. Sitagusa tena flashi ya jumuiya hata ikiwa imeanguka njiani. Kilaptopu bado ninacho, kina kasi ile ile.

Jumatatu nikaenda studio na Mwalimu. Yule mtu wa studio akakaa vizuri kabisa kwenye kiti, akakunja mikono, ananijua, akataja bei ya juu ili apate pa kushukia. Nikamwambia sawa.

Akaitaja tena, polepole, akidhani sikusikia.

"Nimesema sawa, baba. Washa mitambo."

Akaenda mlangoni akamuuliza Mwalimu kwa sauti ndogo kama huyu mama anaumwa.